Binti wa saa 10 alfajiri: kisa cha bidii iliyokula usingizi

Mwalimu wa hisabati aliniletea daftari la binti huyu, akalifungua mezani kwangu bila kusema neno. Ukurasa wa kushoto ulikuwa safi: mwandiko mdogo uliosimama wima, kila jibu limepigiwa mstari kwa rula. Ukurasa wa kulia ulianza vilevile. Kufikia swali la tatu herufi zikaanza kulala upande, tarakimu zikapanda juu ya mstari, kisha kalamu ikateleza hadi ukingoni mwa karatasi na kuacha mkwaruzo mmoja mrefu wa wino wa buluu. Chini ya mkwaruzo kazi iliendelea, mwandiko safi tena, ila swali lilikuwa lilelile la tatu, limeanzwa upya kana kwamba halijawahi kuguswa. Nikageuza kurasa. Ndani ya wiki mbili mikwaruzo ya namna hiyo ilikuwa sita.

Mimi ni mwalimu mnasihi. Kisa hiki nakieleza kwa ridhaa ya binti mwenyewe na wazazi wake. Nimebadilisha mambo madogo madogo ili asitambulike, lakini saa zake za kulala na kuamka sikuzigusa, maana hizo ndizo kisa chenyewe.

Alikuwa na miaka 16, na mtihani mkubwa ulikuwa mbele yake. Kwa miaka mitatu hakuwahi kutoka katika watano bora wa darasa. Muhula mmoja ulitosha kumshusha hadi katikati, na hesabu, somo alilolipenda kuliko yote, ndilo lililoporomoka kwanza. Kipindi cha kwanza asubuhi alikuwa anapitiwa na usingizi huku macho yakiwa wazi. Alisahau mambo. Mara mbili aliniuliza swali lilelile siku moja bila kukumbuka kuwa nilishamjibu. Nyumbani alikuwa amegeuka mkali. Mdogo wake akigusa kalamu yake ni ugomvi wa jioni nzima, na ugomvi huo uliishia kwa yeye kulia. Mpira wa wavu aliuacha baada ya kuteguka kifundo cha mguu kwa mara ya pili.

Katika chumba cha walimu kila mtu alikuwa na jibu lake. Mmoja alisema ni simu. Mwingine alisema lazima kuna mvulana. Wa tatu alisema ndivyo walivyo wakifika umri huo, wanapenda kulala, wavivu. Neno hilo la mwisho liliniuma, kwa sababu daftari lilikuwa bado liko mezani kwangu. Mvivu hasinzii akiwa katikati ya hesabu. Mvivu hufunga daftari akaenda zake.

Nikamwita mama yake.

"Mwalimu, huyu mtoto anajituma mpaka namwonea huruma," aliniambia. "Saa 10 alfajiri ameshaamka, yuko mezani anasoma. Simwamshi mimi. Anajiamsha mwenyewe."

Alilisema kwa fahari, na sikumlaumu. Mzazi gani asingejivunia? Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba anayedamka ndiye anayefika. Lakini nilipolisikia hilo nikaliona daftari kwa jicho jingine.

Kabla hatujagusa ratiba, nilimwomba ampeleke binti kwa daktari. Nawasihi walimu wenzangu wasiruke hatua hii. Msichana wa umri huo anayechoka kila siku anaweza kuwa na upungufu wa damu. Anayekoroma sana na kukatwa pumzi usiku anaweza kulala kwa muda wa saa 9 na bado akaamka hoi. Aliyepoteza hamu ya kila alichokipenda huenda ana sonona, na sonona huvuruga usingizi kama vile ukosefu wa usingizi unavyoweza kuichochea. Vipimo vya damu vilikuwa sawa, hakuwa anakoroma, na daktari hakuona dalili za ugonjwa uliohitaji tiba. Tukabaki na saa.

Nilipomuuliza analala kiasi gani, alijibu, "Kawaida tu, Mwalimu." Nimeshajifunza kutolitegemea jibu hilo. Mtu aliyepungukiwa na usingizi kwa muda mrefu hupoteza kipimo cha kujipimia. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia watu wazima wenye afya. Kundi moja liliruhusiwa kukaa kitandani saa 6 tu kila usiku kwa wiki mbili. Kufikia mwisho, uwezo wao wa kuwa makini ulikuwa umeshuka karibu sawa na wa watu waliokesha bila kulala kabisa, na ulizidi kushuka siku hadi siku. Ila walipoulizwa wanajisikiaje, walisema wana usingizi kidogo tu. Walikuwa wamezoea hisia ya uchovu, lakini madhara yake yalikuwa palepale. "Kawaida tu" ya binti huyu ilikuwa ya namna hiyo.

Basi nikampa daftari jembamba lenye visanduku na kumwomba ajaze mambo manne kila asubuhi kwa wiki mbili: saa aliyopanda kitandani, saa anayodhani usingizi ulimchukua, saa aliyoamka, na kama aliamka mwenyewe au kwa kengele. Sikumwambia abadilishe chochote.

Kuanzia Jumapili hadi Alhamisi alikuwa analala karibu saa 5:30 usiku na kuamka saa 10 alfajiri. Ijumaa na Jumamosi alilala saa 6 usiku. Kesho yake akaamka saa 3 asubuhi, na keshokutwa saa 4. Nikajumlisha. Siku tano za shule zilimpa kama saa 23 za usingizi. Siku mbili za mwisho wa wiki zikamwongezea 19. Jumla 42, wastani wa saa 6 kwa siku.

Wastani huo haukumshtua mtu. Baba yake alipouona alisema hata yeye halali zaidi ya hapo. Lakini kijana si mtu mzima aliyepungua kimo. Wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani walitoa mapendekezo yao mwaka 2016: kuanzia miaka 13 hadi 18, mtu anahitaji kulala saa 8 hadi 10 katika kila saa 24. Tukichukua hata kiwango cha chini, alihitaji saa 56 kwa wiki. Alikuwa anakosa 14. Wiki moja hiyo. Mwezi ukiisha, hesabu inakuwa ya kutisha.

Kulikuwa na jambo la pili ndani ya visanduku, nalo lilinichukua muda kuliona. Siku za shule, saa ya katikati ya usingizi wake ilikuwa saa 7:45 usiku. Mwisho wa wiki ilisogea hadi saa 10:30, na siku ya pili saa 11 alfajiri. Tofauti ya kama saa 3. Mtafiti wa Ujerumani Till Roenneberg na wenzake walilinganisha hali hii, mwaka 2006, na uchovu wa anayesafiri kwa ndege kuvuka kanda za saa. Kila Ijumaa binti huyu alikuwa kama amepanda ndege kwenda magharibi kanda tatu, na Jumapili usiku akarudishwa. Ndiyo maana Jumatatu ilikuwa siku yake mbaya kuliko zote, na mikwaruzo minne kati ya sita ilikuwa ya Jumatatu na Jumanne. Alikuwa akilipa deni kwa namna iliyomfungulia deni jingine.

Ushauri wangu wa kwanza ulikuwa mbaya, na naueleza hapa kwa sababu nausikia ukitolewa kila mahali. Nilimwambia alale mapema. Panda kitandani saa 3 usiku, nikasema, ukiamka saa 10 utakuwa umepata saa 7, si haba.

Alitii. Alirudi kwangu siku ya nne, macho mekundu.

"Nilikuwa nahesabu, Mwalimu. Nikisinzia sasa hivi nitapata saa 6. Nikisinzia sasa hivi nitapata 5. Halafu nikaanza kulia."

Alikuwa akigaagaa kitandani kuanzia saa 3 hadi baada ya saa 5, usiku tatu mfululizo, hapati hata lepe la usingizi. Usiku wa tatu alilala saa 6:20, amechelewa kuliko alivyokuwa kabla sijamshauri. Kitanda nacho kilikuwa kimeanza kuwa mahali pa hofu, na hofu ya kutolala ni mojawapo ya vitu vinavyofukuza usingizi kwa haraka sana.

Nilipaswa kujua. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, kuna fungu dogo la seli zipatazo 20,000 linaloongoza saa ya mwili. Giza linapoingia, saa hii huagiza homoni ya melatonini imwagwe kwenye damu, na mwili hujua usiku umefika. Mtoto anapoingia balehe, saa hiyo husogea mbele. Melatonini huchelewa kutoka jioni, na asubuhi huchelewa kuondoka. Jambo la pili hutokea sambamba. Kadiri mtu anavyokaa macho, shinikizo la kulala hujikusanya ubongoni, sehemu yake kwa njia ya kemikali iitwayo adenosini. Kwa kijana shinikizo hilo hujaa polepole kuliko kwa mtoto mdogo. Mtoto wa miaka 9 saa 3 usiku ameshaelemewa. Dada yake wa miaka 16, aliyeamka naye pamoja, yuko macho makavu.

Tena, saa moja au mbili kabla ya muda ambao mwili umeuzoea kulala, ubongo huwa macho kwelikweli. Nilimtuma binti wa watu kitandani katika muda huohuo, nikamwambia alale.

Kusogea huku si tabia ya kizazi cha simu. Katika vipimo vya Roenneberg vya mwaka 2004, vilivyohusu watu wengi wa rika zote, kuchelewa kulala kulizidi mwaka hadi mwaka katika ujana, kukafikia kilele karibu na miaka 20, wasichana wakitangulia wavulana kidogo, kisha kukaanza kurudi nyuma. Simu yake tuliikagua, kwa idhini yake. Ilikuwa inazimwa saa 4 usiku. Nakubali kwamba mwanga wa kioo usiku huchelewesha melatonini, na nakubali kwamba wapo vijana ambao simu ndiyo kisa kizima. Yeye hakuwa mmoja wao, na kama tungeendelea kuilaumu simu tungepoteza muhula mwingine.

Kuna watakaouliza kama kijana anahitaji usingizi mwingi hivyo kweli, au anaupenda tu. Swali hili lilishapimwa zamani. Majira ya joto ya mwaka 1976, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Mary Carskadon na wenzake walianza kuwakaribisha watoto na vijana kulala chini ya uangalizi, na wakawafuatilia mwaka baada ya mwaka. Walipewa saa 10 za kukaa kitandani. Watafiti walitarajia kwamba kadiri mtoto anavyokua ndivyo atakavyolala kidogo. Haikuwa hivyo. Wakubwa waliendelea kulala kama saa 9, sawa na wadogo, na wale waliokuwa katikati ya balehe walisinzia zaidi mchana hata baada ya kulala muda uleule. Hitaji halipungui ujanani. Kinachopungua ni nafasi ya kulitimiza.

Sasa turudi kwenye saa 10 alfajiri, kwa sababu hapo ndipo kisa hiki kinanisikitisha zaidi.

Usingizi una hatua, nazo hupokezana kwa mizunguko ya takriban dakika 90. Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman walieleza hatua ambayo macho hucheza upesi chini ya kope, hatua ambayo ndoto nyingi zilizo wazi hutokea. Usingizi mzito, ule ambao homoni ya ukuaji humwagwa kwa wingi, hutangulia: sehemu yake kubwa huja katika theluthi ya kwanza ya usiku. Usingizi wa ndoto hufuata nyuma, na vipindi vyake hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia. Anayekatiza usingizi saa 10 hapunguzi kila kitu sawasawa. Anapata sehemu kubwa ya usingizi mzito, hivyo anaamka akiona ana nguvu kidogo, anaketi mezani. Anachopoteza kwa wingi ni ule wa mwisho, ambao watafiti wengi wanauhusisha na kutuliza hisia. Nikakumbuka kalamu na mdogo wake, na kilio cha jioni.

Halafu kuna kumbukumbu. Mwaka 1924 wanasaikolojia John Jenkins na Karl Dallenbach, katika Chuo Kikuu cha Cornell, waliwapa wanafunzi wawili orodha za silabi zisizo na maana wazikariri. Mara nyingine walilala baada ya kukariri, mara nyingine wakabaki macho, kisha wakapimwa baada ya saa 1, 2, 4 au 8. Walipolala walikumbuka zaidi. Jaribio lilikuwa dogo, watu wawili tu, lakini kwa miaka 100 tafiti zimezidi kulithibitisha: usiku, ubongo huyapitia upya yaliyosomwa mchana na kuyahifadhi. Binti wetu alikuwa akisoma jioni, kisha anakata saa za kuyahifadhi aliyoyasoma ili aongeze saa za kusoma zaidi. Alikuwa anachota maji huku anatoboa ndoo.

Mkwaruzo nao una maelezo. Ubongo uliochoka mno hauombi ruhusa. Huzimika kwa sekunde chache hata kama macho yako wazi na mkono umeshika kalamu, kisha huwaka tena, na mwenyewe hana habari kwamba alikuwa hayupo. Ndiyo maana alirudia swali la tatu. Nilipomwonyesha, alilitazama daftari lake muda mrefu, akasema hakumbuki kuliandika mara ya kwanza.

Kuhusu kifundo cha mguu sithubutu kusema kwamba usingizi ndio uliomtegua. Ila uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014, uliohusu wanamichezo vijana 112 huko Los Angeles, ulikuta kwamba waliokuwa wakilala chini ya saa 8 walikuwa na uwezekano wa kuumia mara 1.7 wa wenzao waliolala zaidi. Nilimpa mama yake takwimu hiyo ailinganishe mwenyewe na tarehe za majeraha.

Mpango wa pili tuliuandika watu wanne: binti, mama, baba na mimi. Hatukuanza na saa ya kulala. Tulianza na kengele ya alfajiri. Aendelee kulala saa 5:30 kama mwili ulivyozoea, lakini aamke saa 12:15 asubuhi. Kwa badiliko hilo moja aliongeza zaidi ya saa 2 kila usiku, bila kupigana na kitanda.

Mama aliweka kalamu chini. "Mwalimu, unataka mwanangu aache kusoma?"

Swali lake lilikuwa na hofu ya kweli ndani yake. Mtihani ulikuwa umebakiza miezi minne. Sikuwa na jibu la kumtuliza moyo, nikamwomba wiki mbili na kipimo kimoja: binti aandike idadi ya maswali anayomaliza kila anapokaa kusoma. Siku tatu za mwisho za alfajiri tulizokuwa nazo kwenye daftari, kikao cha saa moja na nusu kilimpa maswali manne au matano. Alipoanza kusoma saa 11 jioni, baada ya kulala dakika 20 akitoka shule, alimaliza tisa kwa saa moja. Baba, ambaye hadi hapo alikuwa kimya, ndiye aliyesema, "Basi ile alfajiri ilikuwa tunajidanganya wote." Mama hakusema kitu. Usiku huo, niliambiwa baadaye, aliihamisha kengele mwenyewe.

Mambo mengine yalikuwa madogo, na kila mzazi anayajua. Kahawa ya saa 12 jioni ilihamia asubuhi, kwa kuwa kafeini humchukua mtu kama saa 5 kuipunguza nusu mwilini, na kazi yake ni kuificha adenosini isionekane, si kuiondoa. Taa kubwa ya chumba ilizimwa saa 3, ikabaki ya pembeni. Asubuhi alifungua dirisha na kukaa kwenye mwanga wa jua kabla ya kuondoka, kwa sababu mwanga wa asubuhi ndio unaoivuta saa ya mwili irudi nyuma. Hili nalithamini kuliko mengine yote, na watu hulipuuza kwa kuwa ni bure. Mwisho wa wiki aliruhusiwa kulala saa moja na nusu zaidi, si zaidi ya hapo. Alilalamika sana kuhusu hilo. Nilimwelewa.

Wiki ya tatu ndipo tuliposogeza saa ya kulala, dakika 15 kila baada ya siku nne au tano, na kama usingizi haukuja ndani ya kama dakika 20 aliinuka, akakaa kitini na kitabu cha hadithi hadi utakapokuja. Baada ya wiki nyingine tatu alikuwa analala saa 4:15 usiku na kuamka saa 12:15. Saa 8. Kiwango cha chini kabisa cha mapendekezo, na hatukuweza kusogea zaidi. Kila tulipojaribu saa 4, alianza kuhesabu tena.

Alama hazikupanda haraka. Nasema hili kwa wazazi watakaojaribu wiki moja na kukata tamaa. Kitu cha kwanza kubadilika kilikuwa mdogo wake, ambaye alimwambia mama kwamba dada ameanza kucheka tena. Kisha mikwaruzo ikaisha daftarini. Mtihani wa majaribio wa mwezi wa pili ulikuwa bora kidogo tu. Wa mwezi wa tatu hesabu zilirudi zilikokuwa, masomo mengine mawili yakabaki nyuma. Siwezi kudai kwamba usingizi peke yake umefanya yote hayo. Alikuwa pia ameanza kuzungumza na wazazi wake kuhusu hofu ya mtihani, na hofu hiyo ndiyo iliyomwamsha saa 10 tangu mwanzo.

Alianguka mara moja. Usiku wa kuamkia jaribio la fizikia alikesha hadi saa 8 usiku, na asubuhi akakaa mbele ya karatasi akiwa mang'amung'amu, hawezi kuvuta kanuni aliyoiandika mara kumi saa sita kabla. Hakuna aliyemkemea. Alikuja mwenyewe na visanduku vyake, akakionyesha kwa kidole kile cha usiku ule.

Lililobaki liko nje ya uwezo wa familia yake. Kipindi cha kwanza bado kinamkuta mzito, maana saa 12:15 kwa mwili wake bado ni usiku. Niliuomba uongozi wa shule usiweke mitihani katika kipindi hicho, na kwa darasa lake nilikubaliwa. Muda wa kuanza masomo haukuguswa. Najua hofu iliyopo: wakianza baadaye si watachelewa kulala vilevile? Mji wa Seattle ulilijaribu mwaka 2016, ukasogeza shule zake za sekondari kutoka saa 1:50 hadi saa 2:45 asubuhi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington waliwavisha wanafunzi vifaa vya mkononi vya kupima usingizi, kabla na baada. Wanafunzi waliongeza dakika 34 za usingizi kila siku ya shule. Hawakuzitumia kukesha. California nayo ilitunga sheria mwaka 2019, ikaanza kutumika mwaka 2022, inayozuia sekondari nyingi za umma kuanza kabla ya saa 2:30 asubuhi. Nimeyaandika hayo kwenye barua kwa uongozi, pamoja na muhtasari wa visanduku vya binti huyu na vya wanafunzi wengine wawili wa darasa lake ambao, bila mimi kuwaomba, walikuja kuchukua madaftari yao. Mmoja wao anaamka saa 9:30 usiku.

Binti alinirudishia daftari la visanduku mwisho wa muhula. Limejaa, wino wa buluu, mwandiko wima. Kuna safu moja tupu, ya Jumanne moja. Pembeni yake, kwa penseli, ameandika: "Nililala kabla ya kuandika."